Daraja ni Nini?

Siku Bibi aliponiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nilicheka. Nilidhani ni utani. Bibi na mjukuu kutaniana si jambo la ajabu, na bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa utani tangu nipate akili. Nikamwitikia, "Abee, dada!" Mama, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, hakucheka. Aliweka ungo chini, akamtazama mama yake kwa muda mrefu.

Ilikuwa Januari mwaka 2022. Tulikuwa tumemtoa Bibi kwao Kalenga, Iringa, wiki tatu tu kabla ya hapo, tukamleta Mbeya akae nasi katika vyumba vyetu viwili karibu na Mwanjelwa. Mama anauza mchele sokoni. Wadogo zangu walikuwa shule. Basi kazi ya kumwangalia Bibi nikaachiwa mimi, na sababu yake ilikuwa wazi kwa ukoo mzima: nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo hayakunipeleka kokote, na tangu hapo naandika riwaya. Ndugu msomaji, kama nawe unaandika, unajua. Katika macho ya ukoo, anayeandika ni mtu anayekaa bure.

Na riwaya yenyewe, acha niieleze hapa ili unicheke mapema. Mhusika wangu mkuu aliitwa Daktari Tumaini, mtaalamu wa ubongo aliyesoma Ulaya. Anarudi nyumbani, anakuta bibi yake amesahau kila kitu, anapanda Mlima Rungwe, anachuma majani fulani, na kufika sura ya kumi na mbili bibi amepona na kijiji kinacheza ngoma. Niliandika sura hiyo kwa usiku mmoja. Nililia nilipoimaliza, kwa jinsi nilivyoiona nzuri.

Lakini Bibi wangu wa kweli hakuwa na sura ya kumi na mbili. Aliuliza kama ng'ombe wamerudi, akajibiwa kwamba hatuna ng'ombe, akauliza tena. Alificha vijiko chini ya godoro. Alianza kumwogopa Mama wakati wa jioni, akisema kuna mwanamke mgeni anayemlisha chakula asichokijua. Tulimpeleka kwenye zahanati moja. Wakampima presha, wakaikuta juu, wakatupa vidonge. Tulipoeleza habari za kusahau, wakatuambia, "Ni uzee tu. Mpeni uji."

Juni ikafika na baridi yake. Anayeijua Mbeya anajua baridi hiyo. Usiku mmoja, saa tisa hivi, tulisikia kelele uwanjani kwa jirani. Bibi alikuwa ametoka bila sisi kusikia, amevaa kanga moja tu, anapapasa ukuta wa nyumba ya watu akitafuta mlango. Alikuwa anatafuta mlango wa nyumba yao ya Kalenga, ile ya udongo iliyobomoka kabla Mama hajazaliwa. Jirani yeye hakuyajua hayo. Aliona mwanamke mzee, usiku wa manane, nusu uchi, mikono ukutani kwake. Kwake hesabu ilikuwa imekwisha. Asubuhi bombani watu walinyamaza nilipofika na ndoo yangu.

Neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yetu. Lakini sote tunalijua, na tunajua pia lilivyowagharimu maisha vikongwe wengi katika nchi hii.

Kuanzia siku ile nikanunua kufuli. Hapa naandika kwa aibu, ila nikiliacha hili, hayo mengine yote yatakuwa uongo. Nilimfungia Bibi ndani. Mama akienda sokoni, namnywesha uji, natoka, nafunga kwa nje, nakaa uani na kaunta buku langu, namwandika Daktari Tumaini anavyompenda bibi yake. Ndani, bibi yangu anagonga. Nilizoea. Siku moja aligonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na mimi nilikuwa natafuta neno zuri la kufungulia sura. Nilipofungua mlango, alinitazama bila hasira. Akasema, "Kamwene," akinisalimu kama mpita njia.

Nikaitupa kufuli ile chooni. Mama akakopa hela, tukaenda hospitali kubwa zaidi. Huko tulimkuta daktari kijana, labda ananizidi miaka mitano. Hakuanza na sisi. Alivuta kiti, akakaa chini ya usawa wa macho ya Bibi, akamwamkia, akamwuliza kwao wapi, shamba lao lilikuwa na nini. Kisha akamwuliza swali ambalo lilinishangaza: "Bibi, daraja ni nini?"

Bibi akafikiri. "Si pale tunapovukia Ruaha Mdogo," akasema.

Akamwomba ataje wanyama wote anaowajua, huku akitazama saa. Akamtajia maneno kumi, akazungumza habari nyingine, akamwomba ayarudie. Bibi hakurudia hata moja. Mwisho akatoa njiti nne za kiberiti, akazipanga mezani, akampa Bibi njiti nyingine apange vivyo hivyo. Bibi akazikusanya zote, zake na za daktari, akazitia kwenye boksi na kumwambia, "Mwanangu, kiberiti hakichezewi. Usiku utawashia nini?"

Daktari alicheka, nasi tukacheka. Kisha akatuambia taratibu kwamba huo si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo. Kwa jumla unaitwa demensia, na aina yake inayojulikana zaidi ni Alzheimer, ingawa kwa Bibi, kwa sababu ya presha ya miaka mingi, huenda mishipa ya damu ya kichwani nayo imechangia. Alisema dawa ya kuuponya haipo. Alisema pia tuendelee kuitibu presha. Nilipomwuliza alikojifunzia habari za njiti, alinijibu kwamba maswali hayo yalitengenezwa hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, kwa ajili ya wazee ambao hawakwenda shule. Akaniandikia majina machache nyuma ya karatasi.

Basi mimi, mtu wa daraja la nne katika Kiingereza, nikaanza kununua bando na kusoma makala za wanasayansi nikiwa na kamusi mapajani. Nilitaka kumpata Daktari Tumaini wa kweli. Niliowapata hawakufanana naye hata kidogo.

Wa kwanza ni yule ambaye ugonjwa una jina lake, Alois Alzheimer, Mjerumani. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alipokea mgonjwa mwenye miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Akamwuliza jina lake. Akamwomba aliandike, mama yule akaanza, akasahau katikati. Daktari aliandika majibu yake yote, siku baada ya siku. Mgonjwa alipofariki mwaka 1906, ubongo wake ulipelekwa München, Alzheimer akautazama kwa hadubini, akakuta madonge kati ya chembe na nyuzi zilizojisokota ndani ya chembe. Novemba mwaka huo huo alieleza habari hiyo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1915. Dawa hakuipata. Alichopata ni kuuliza na kuandika.

Baada yake, kwa miaka mingi, wapo wataalamu walioona kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, sisi Waafrika hautuhusu. Hapo ndipo nilipokutana na jina la Raj Kalaria, mtafiti wa ubongo aliyefanya kazi Cleveland, Marekani, kisha Newcastle, Uingereza. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapa makala kuhusu ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliokufa bila kuwa na demensia. Nilipoyaona majina ya wenzake nilisimama: Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na madaktari Sayi na Matuja wa Muhimbili. Muhimbili yetu! Walikuta katika baadhi ya bongo hizo madonge yale yale ya protini iitwayo amiloidi, kama yanayokutwa kwa wazee wa Cleveland. Maana yake ni kwamba mbegu ya ugonjwa huu imo ndani yetu kama ilivyo kwa binadamu wengine. Mwaka uliofuata wakachapa nyingine, kuhusu urithi wa jeni iitwayo APOE kwa wazee wa Afrika Mashariki, kwa kuwa huko ng'ambo aina yake moja huongeza hatari ya Alzheimer.

Sehemu kubwa ya kazi ya Kalaria imehusu mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Huko Newcastle yeye na wenzake waliwafuata wazee waliopona kiharusi, wakawapima kumbukumbu mwaka hadi mwaka, na walipofariki, bongo zao zikachunguzwa ili kuona ni nani alipoteza akili na kwa nini. Msomaji, hebu fikiri. Ni kazi ya kusubiri watu unaowajua kwa majina wafe. Miongo inapita. Mwishoni anapata jedwali.

Kisha wakaja watu wa Hai: Stella-Maria Paddick, Richard Walker na wenzao Watanzania. Katika vijiji sita walipima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, nyumba kwa nyumba. Matokeo yalitoka mwaka 2013: kama watu sita katika kila mia walikuwa na demensia, na karibu nusu yao ilikuwa Alzheimer. Vipimo vya Ulaya vilimtaka mtu asome, aandike, achore. Mzee ambaye hajashika kalamu angeonekana mgonjwa wakati ni mzima. Ndiyo maana ya njiti za kiberiti, na ndiyo maana ya daraja. Waliunda kipimo ambacho bibi yangu anaweza kukijibu, ama kushindwa kukijibu, bila kuonewa. Baadaye wakajaribu huko huko Hai vikao 14 vya kundi, ambamo wazee wagonjwa walikaa pamoja wakizungumza na kufanya shughuli za kuuamsha ubongo, na wakaona nafuu. Nafuu tu. Hata dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa walio mwanzoni. Haimrudishi mtu.

Nikarudi kwenye kaunta buku langu, nikaisoma sura ya kumi na mbili. Nikaona haya.

Agosti mwaka 2023 mjomba, ambaye ndiye mtoto wa kiume mkubwa wa Bibi, aliita kikao cha ukoo Kalenga. Maneno ya Mbeya yalikuwa yamemfikia. Tulipanda basi alfajiri, Mama, Bibi na mimi. Chimala, Makambako, Mafinga, na kila kituo Bibi aliuliza tunakwenda wapi, na kila nilipomjibu "Kalenga" alifurahi upya. Sijapata kumfurahisha mtu mara nyingi hivyo katika siku moja.

Mjomba aliongea kwa kirefu. Alisema mama yake hajawahi kuwa hivi, kwa hiyo kuna mkono wa mtu, au kuna jambo mama mwenyewe analo. Kuna mganga amesikia habari zake. Nikaomba ruhusa, nikasimama, mtoto wa juzi mbele ya wazee, nikaeleza yote. Nilieleza njiti, vijiji vya Hai, madonge ndani ya ubongo. Nilieleza vizuri, nadhani, maana walinyamaza.

Mjomba akauliza, "Hao wataalamu wako, kilichomo kichwani mwa mtu wanakijuaje?"

"Kwa uhakika kamili, huutazama ubongo baada ya mtu kufa, mjomba."

"Wanafungua kichwa."

"Ndiyo, mjomba. Kwa ruhusa."

"Na hapa Kalenga unasimama, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, unaniambia habari ya Wazungu na vichwa?"

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Makumbusho ya Mkwawa hayako mbali na pale tulipokaa. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate akiwa hai. Wakamkata kichwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai lirudishwe, halikurudi. Lilirudi Juni mwaka 1954, likitoka Bremen, Gavana Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi hapa hapa Kalenga. Miaka 56 kichwa cha mtu kilikuwa ugenini. Sikuwa na jibu. Kamusi yangu haikuwa nalo.

Ndipo Bibi akazungumza. Kutwa nzima alikuwa amekaa mkekani akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Akasema, kwa sauti yake ya zamani niliyoisahau, kwamba siku ile alikuwa na mama yake, na walitoka nyumbani giza halijaisha. Alisema watu walikuwa wengi kuliko majani. Alisema Mzungu alivaa kofia yenye manyoya, yeye akadhani amebeba kuku kichwani, akacheka, akafinywa. Alisema wazee wanaume walilia, na hakuwa amewahi kuona wanaume wakilia, akamwuliza mama yake, wanalilia nini na kichwa kimesharudi? Mama yake akamjibu kwamba wanalia kwa sababu hakikuombwa.

Mjomba alikuwa ameinamisha uso. Mabega yake yalitikisika. Hadithi hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwanawe.

Bibi akamwona. Akainuka kwa shida, akamwendea, akampapasa kichwani. "Nyamaza," akamwambia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Daktari kijana alikuwa ameniambia jambo hili, ila kulisikia si kuliona. Ugonjwa mara nyingi huanzia mahali ubongo unapopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ya jana hayapati pa kukaa. Ya utotoni yamekwisha kaa, yanabaki nyuma, mpaka nayo yafikiwe. Ndiyo maana Juni ya mwaka 1954 ilikuwa karibu na Bibi kuliko mwanawe aliyekaa mbele yake.

Kwa mganga hatukwenda. Mjomba hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Asubuhi alitusindikiza mpaka Ipogolo, akasema, "Mtunzeni. Nitatuma mahindi." Na anatuma.

Tangu siku ile nimewaza sana juu ya neno la yule mama wa Bibi. Hakikuombwa. Nadhani hapo ndipo penye tofauti, na nadhani ndiyo kazi yote ya watafiti hawa, miaka na miaka: kuomba. Unamwomba mtu akiwa na akili zake, unawaomba watu wake, unabisha hodi katika kijiji kizima, unauliza swali ambalo mwenye kuulizwa anaweza kulijibu kwa heshima yake. Kama ningeombwa leo nitie saini kwa ajili ya ubongo wa Bibi, sijui mkono wangu ungefanya nini. Lakini sasa najua ni swali, na swali lina adabu kuliko kufuli. Majirani hawakutuuliza kitu. Mimi nami sikumwuliza Bibi anagonga anataka nini. Pengine alitaka kwenda chooni tu.

Jina la ugonjwa halikumponya. Ila lilitupa neno la kusema bombani mahali pa lile lingine. Nilikwenda kwa jirani mwenyewe, nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Miezi miwili baadaye Bibi alitoka tena, na aliyemrudisha alikuwa yeye, amemshika mkono, amemvika koti lake. Aliondoka bila maneno mengi. Mkewe ndiye aliyekuja jioni, kuuliza zile dalili zinaanzaje, kwa ajili ya baba yake aliyeko kijijini.

Sura ya kumi na mbili nimeichana. Daktari Tumaini bado yupo, ila hapandi tena mlima. Anatembea vijijini na boksi la kiberiti mfukoni, anabisha hodi, anakaa chini ya usawa wa macho ya watu. Sijui riwaya itaishaje. Mama anasema riwaya isiyo na mwisho mzuri haitanunuliwa.

Kila asubuhi, baada ya uji, nakaa na Bibi mkekani, namwuliza, "Bibi, daraja ni nini?" Mwanzoni alinijibu Ruaha Mdogo. Baadaye alisema ni mti. Siku hizi mara nyingi hasemi kitu. Namwekea njiti mbele yake, nne, napanga. Anazitazama. Anaziokota moja moja kwa vidole vyake, anazirudisha kwenye boksi, anafunga, ananikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni.

Nami napokea kwa mikono miwili.